Pima Sita Kutoka Golini

Vijana wa idara ya michezo wameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kutunza uwanja wa chuo, ili wanaokuja nyuma wapate pa kuanzia. Nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine sasa, na mke wangu ameshanikataza kumpangia jiko lake upya. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Nilianza mtunza uwanja na nimestaafu mtunza uwanja. Katikati walibadilisha jina la kazi mara tatu, na fyekeo lilikuwa lilelile.

Anayetafuta habari za makombe aende ofisini kwa mkuu wa chuo. Yamo kabatini, moja halina mkono. Mimi nitaeleza nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na msimu mmoja ambao wengi wanaujua kwa kusikia lakini wanaujua vibaya.

Niliingia kwa mlango wa nyavu. Mimi ni Mtumbatu, na kwetu mtoto anajua kushona wavu kabla hajajua kufunga viatu. Chuo cha ualimu wakati huo kilikuwa na nyavu za magoli zilizotoboka hadi mpira ukipita watu wanagombana, umeingia au umepita pembeni. Mjomba wangu wa Mwanakwerekwe akamwambia mtu, yule mtu akamwambia mkuu wa chuo, nikaitwa. Nilishona siku mbili. Siku ya tatu mkuu akaniambia nibaki kama kibarua mpaka barua ya ajira itoke. Barua hiyo ilichukua miaka minne, na naomba mliweke neno hilo akilini, maana lina kazi mbele.

Aliyenipokea ni Bwana Nassor, mtunza uwanja wa zamani. Alikuwa pande la mtu, mrefu, Mwarabu wa Mji Mkongwe ambaye wazee wake walikuwa na mashamba na yeye alikuwa na fyekeo. Hakuona haya wala hakuona fahari. Kanzu yake aliipandisha akaifunga kiunoni, akafyeka, akaishusha, akaenda kuswali. Asubuhi ile nilimwamkia, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba. Wewe ndiye wa nyavu? Njoo basi nikuoneshe kazi, nyavu ni mapambo tu."

Alinionesha chokaa. Wakati ule tulichukua chokaa ya matumbawe, inayotoka kwenye tanuu, tukaichekecha kwa chekeche la unga lililokwisha kuharamishwa jikoni. Tuliitia ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, tukatembea nalo polepole kufuata uzi. Upepo ukivuma unageuza mgongo. Chokaa ikiingia jichoni hupigi maji kwanza, unapaka mafuta ya nazi, ndipo unaosha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na macho yangu bado ninayo, ingawa daktari wa siku hizi aliposikia alishika kichwa. Siku hizi mna rangi ya kwenye ndoo na kigari chenye gurudumu. Sisemi kitu.

Alinionesha mpira. Mpira wa ngozi ukilowa unakuwa na uzito wa nanasi, kwa hiyo kila baada ya mechi unapakwa mafuta ya mbuzi na kuwekwa kivulini, si juani. Kibofu kikitoboka unafumua mshono mmoja tu, si miwili. Alinionesha na mbuzi wenyewe, wa majirani, yupi ni wa nani, yupi ana mwenyewe mkorofi.

Halafu akanionesha kamba. Ilining'inia peke yake kwenye msumari wa stoo, kamba ya usumba wa nazi, imesokotwa vizuri, ina mafundo. Ile ndiyo iliyokuwa futi yetu. Fundo la kwanza, alama ya penalti. Fundo la pili, mstari wa boksi. Chuo hakikuwa na futi ya chuma. Ilikuwapo moja ya kitambaa kwenye darasa la ushoni na mwalimu wake hakuitoa hata kwa kuliliwa.

"Umeipimaje?" nilimuuliza.

"Kwa pima," akasema, akanyoosha mikono yake yote miwili, kushoto na kulia, kama anataka kuukumbatia mlango. "Kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya hiki. Sheria inataka wari kumi na mbili, ndizo yadi hizo, toka golini hadi kwenye alama. Pima moja ni wari mbili. Basi ni pima sita. Pima sita, Makame! Sema."

"Pima sita."

"Na pima yangu mimi ni wari mbili kamili. Kanipima fundi cherehani wa Mlandege, mbele ya watu."

Nilicheka. Nilidhani anajisifu urefu.

Bwana Nassor alistaafu nilipokuwa na miaka mitatu pale. Miguu ilimshinda. Akabaki kwake Mji Mkongwe, juu ya ngazi ndefu ambazo akishashuka hapandi mpaka ashikwe, kwa hiyo hashuki. Nikaachiwa uwanja, nami bado kibarua.

Mwaka uliofuata ndio msimu ninaoutaka.

Ilikuwa ligi ya vyuo vya Unguja. Sisi walimu, wale wa kilimo, wale wa afya, wale wa ufundi, na wengine wawili waliokuja kufungwa tu, maskini. Kila timu inacheza na mwenzake nyumbani na ugenini, wawili wa juu wanakutana fainali uwanja wa mjini. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Suleiman, mtu wa hesabu, ambaye alifundisha mpira kwa chaki na aliamini kila goli lina sababu moja. Na tulikuwa na Vuai.

Vuai alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa kaskazini, mwembamba, mpole hadi ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Akishika mpira alikuwa mtu mwengine. Jioni wenzake wakienda kuoga yeye anabaki na mimi uwanjani, naokota makopo yangu, yeye anapiga penalti. Kumi, ishirini, thelathini. Kona ileile, kulia kwa kipa, juu kabisa, kiganja kimoja chini ya mtambaa panya. Mpira ulikuwa unapanda tangu unapotoka mguuni mpaka unapogusa wavu. Nyavu zangu zilichakaa kona ile tu. Nilimwambia, "Vuai, hebu badilisha upande, yakhe, naona uvivu wa kushona." Akasema, "Bwana Makame, hapa nshapajua. Naweza kupapiga nimefumba macho." Na siku moja alifumba kweli, na akapiga palepale.

Sasa niseme nilichofanya.

Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha sana. Mistari ya boksi haikupotea, kwa sababu chokaa ikimwagwa pahala pamoja miaka na miaka majani hufa, na mstari unajionesha wenyewe. Alama za penalti ndizo zilizopotea. Palikuwa na mashimo mawili, watu wameyachimba kwa viatu, nikayajaza udongo na kuyashindilia. Kazi nzuri, mkuu wa chuo mwenyewe alinisifu. Ikabaki kupima upya.

Kamba haikuwapo. Wiki mbili kabla nilimkamata ng'ombe wa jirani mmoja katikati ya uwanja, na kwa hasira nikamfunga kwa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kamba ya Bwana Nassor. Nilitaka mwenyewe aje tuonane. Akaja nilipokuwa nimekwenda kuswali alasiri, akamchukua ng'ombe wake na kamba. Nilipomfuata alisema kamba gani. Hashakum, nilimwambia neno ambalo halikunirejeshea kitu.

Asubuhi ya mechi ya kwanza nikasimama golini. Nikajua la kufanya, nilikuwa nimefundishwa. Pima sita. Nilichukua uzi, nikanyoosha mikono kushoto na kulia, nikapima moja, mbili, mpaka sita, nikapiga fundo. Nikanyoosha uzi kutoka mstari wa goli, nikamwaga chokaa kwenye fundo. Nikafanya vivyo hivyo goli la pili. Nilisimama nikaangalia, nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimefanya kazi ya Bwana Nassor bila ya Bwana Nassor.

Mliopata kuniona mnajua urefu wangu. Msionijua, mtaelewa nikisema kwamba mlango wa stoo ya vifaa haujapata kunigonga kichwa, na wengine wote umewagonga.

Haikunijia akilini. Wallahi, haikunijia. Pima ilikuwa pima.

Mwamuzi wa mechi ya kwanza aliikagua alama kwa miguu yake. Akahesabu hatua kumi na mbili, naye alikuwa mfupi kuliko mimi, akaridhika, akaandika kwenye karatasi kwamba uwanja ni sahihi. Mwalimu Suleiman aliniuliza, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima." Yote kweli.

Msimu ukaenda. Wa kilimo tuliwafunga mbili kwa moja, moja ikiwa penalti ya Vuai. Wa afya tulitoka sare, kwa penalti ya Vuai. Tukasimama kupisha Ramadhani, tukarudi baada ya Idi wote wanene, tukafungwa ugenini na wa ufundi, tukawafunga nyumbani. Kwa jumla Vuai alipiga penalti tano nyumbani kwetu na zote zikalala kona ileile. Ugenini hatukupata penalti hata moja. Waamuzi wa ugenini walikuwa na macho ya wenyeji, na wa kwetu, nadhani, walikuwa na macho ya kwetu. Watu wakaanza kuja kutoka mjini kumtazama. Watu wawili wa timu moja kubwa ya mjini walikuja hata mazoezini, wamevaa miwani ya jua, wakamwambia Mwalimu Suleiman kwamba fainali watakuja kuamua. Vuai aliambiwa. Siku tatu hakula sawasawa, na mama yake alikuja kutoka shamba na jamvi lake ili akae karibu na uwanja siku ile.

Fainali tulicheza na wa ufundi. Sitaieleza yote, nilikuwa nyuma ya goli na ndoo ya maji, nikiona nusu. Ikawa moja kwa moja. Dakika za mwisho beki wao akamwangusha mtu wetu ndani ya boksi, waziwazi, hata wenyewe hawakubisha. Vuai akauchukua mpira, akauweka. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilianza kukusanya vikombe.

Alikimbia vilevile, akapiga vilevile. Mpira ukaenda kulia kwa kipa, ukapanda, ukapiga mtambaa panya, na mlio wake niliusikia kwenye meno yangu. Ukarudi uwanjani. Winga wao akauokota akaondoka nao, sisi tumesimama tumeshika vichwa, na wakafunga. Mbili kwa moja. Kipenga.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mwalimu Suleiman alisema sababu yake moja. "Umeogopa, Vuai. Mguu umetetemeka." Alisema mbele ya watu wote. Vuai alikuwa amekaa chini na viatu mkononi. Akasema polepole, "Sikuhisi kutetemeka, mwalimu." Kisha akasema, "Lakini itakuwa niliogopa. Itakuwa ndiyo." Watu wa miwani ya jua walikwisha kuondoka. Nje mama yake alikuwa anakunja jamvi.

Jina alilipata jioni ileile. Wakaanza wa ufundi, wakaja wa mitaani, wakaja watoto: Mtambaapanya. Vuai Mtambaapanya. Mji wetu ukishampa mtu jina, si la kurudisha.

Watu walipotawanyika nilirudi uwanjani kuchukua ndoo. Nikapita kwenye ile alama. Sijui kwa nini nilisimama. Niliona goli liko mbali. Nikatazama kulia na kushoto, hapana mtu, nikanyoosha mikono nikaanza kupima kutoka golini, nikijikokota chini mkono kwa mkono. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sikufika. Ilibaki zaidi ya nusu pima.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri wa mjini wamekosea! Nilifurahi, jamani. Niliona rufaa, niliona mechi inarudiwa, niliona mimi, kibarua, ndiye niliyeokoa chuo. Badala ya kwenda kwa Mwalimu Suleiman moja kwa moja nilitaka kwanza kujisifu kwa Bwana Nassor. Hilo ndilo lililoniokoa na aibu kubwa zaidi, na pengine ndilo lililoniharibu.

Nilimkuta kesho yake baada ya alasiri, sebuleni kwake, miguu juu ya kigoda. Nikamweleza yote, ng'ombe, kamba, uzi, pima sita, na kosa la wa mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Ulipima kwa pima ya nani?"

"Kwa pima. Ya kwangu."

"Nshike mkono," akasema. Akasimama kwa tabu, akaenda ukutani, akaniambia niegemee ukuta na ninyooshe mikono. Akachukua mkaa kwenye chetezo, akaweka alama kwenye ncha za vidole vyangu huku na huku. Kisha akaegemea yeye pahala palepale, akanyoosha, akaniambia niweke alama za kwake. Tukarudi nyuma tukatazama. Tofauti ilikuwa nusu futi. Ukutani haikuonekana kitu. "Mara sita," alisema Bwana Nassor. "Futi tatu. Umeipunguza wari nzima."

Hakupiga kelele. Alirudi akakaa. Ni mimi niliyekaa chini kwenye sakafu, kwa sababu nilikuwa nishaielewa. Mpira uliokuwa unapanda, ukiongezewa wari moja ya kwenda, unapanda karibu shibiri zaidi. Vuai alipiga palepale alipopazoea. Mguu wake haukukosea hata kidole. Nilimfundisha mimi kukosa, jioni kwa jioni, msimu mzima, huku namwambia abadilishe upande kwa sababu naona uvivu wa kushona.

"Nenda kamwambie yule kijana," alisema Bwana Nassor. "Kocha shauri yako. Kombe limekwisha. Lakini yule kijana mwambie."

"Barua yangu ya ajira haijatoka, Bwana."

"Najua. Mwambie."

Niliahidi. Nilitoka pale nimekusudia kweli. Nikafika chuoni, nikapima upya kwa futi ya kuazima kwa mafundi waliokuwa wanajenga vyoo, nikafuta alama za zamani, nikaweka mpya, mapema kabla mtu hajaamka. Hilo nililiweza. Vuai nilimwona mchana ule karibu na bomba, nikamsalimu, akaitika, nikampita. Kesho nikampita tena. Baadaye muhula ukaisha.

Bwana Nassor aliniuliza nilipokwenda kumtazama anaumwa. "Umeshamwambia?"

"Nshamwambia," nikasema.

"Alhamdulillahi. Alisemaje?"

"Alicheka."

Akafurahi sana. Alikufa mwezi ule, Mungu amrehemu, akiamini hivyo. Barua yangu ilitoka wiki tatu baadaye, na nimefanya kazi chini ya barua ile mpaka mwaka huu.

Mengine ni kazi tu, nami nitayapitisha upesi. Tulibadilisha nyasi mara mbili, mara ya kwanza vibaya. Mabomba yakaja, maji hayakuja, kisha yakaja. Magoli ya mti yakawa ya chuma, na chuma karibu na bahari ni cha kupakwa rangi kila mwaka, msidanganywe na muuzaji. Futi ya chuma nilinunuliwa nilipoomba mara ya nane, na tangu siku hiyo sijapima kitu kwa mkono, hata pazia la nyumbani. Vijana walionifuata wanajua kwamba nilikuwa mkali wa vipimo mpaka nikachukiwa. Walidhani ni bidii.

Vuai alimaliza, akapangiwa skuli ya shamba, akawa mwalimu mkuu, akastaafu kabla yangu kidogo. Mpira hakuucheza tena. Nilisikia wanafunzi walimwita Mwalimu Mtambaapanya akiwapa mgongo, na kwamba alijua.

Sasa siku ya kuniaga. Chuo kilifanya chakula, biriani nzuri, na wakaalika wachezaji wa zamani. Vuai alikuja, kanzu nyeupe, mvi tupu. Mwalimu Suleiman, ambaye Mungu amempa umri mrefu na kumbukumbu nzima, alisimama na kipaza sauti akausimulia msimu ule. Alipofika kwenye ule mlio wa mtambaa panya aliupiga kwa kijiko kwenye glasi. Vijana walicheka hadi wakashikana. Vuai naye alicheka, akanyanyua mkono, kama anayesema ndiyo, mimi ndiye. Nilipewa cherehani kwa ajili ya mke wangu na saa ya ukutani kwa ajili yangu, na nilisema asanteni. Nilijichukia kuliko nilivyopata kujichukia maishani mwangu.

Siku ya nne nilikwenda kwa Vuai, Mwanakwerekwe, nyuma ya soko. Nilimkuta barazani anasoma gazeti. Alinikaribisha ndani, mkewe akatuletea kahawa na kashata. Tuliulizana habari za wajukuu. Nilipoona kikombe kinakaribia kwisha nikasema.

"Mwalimu, nimekuja kukwambia neno nililopaswa kukwambia zamani."

"Sema, Bwana Makame."

Nilimwambia yote, kwa mpango, ng'ombe, uzi, mikono yangu, ukuta wa Bwana Nassor. Nilisimama nikanyoosha mikono, mzee mzima sebuleni kwa watu, ili aone. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisogeza kikombe chake pembeni.

"Kwa hiyo nilipiga sawa," akasema.

"Ulipiga sawasawa."

"Sikuogopa."

"Hukuogopa, mwalimu. Mimi ndiye niliyeogopa."

Akauliza, "Ulijua lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini. Nilitaraji anifukuze, na angenifukuza ningeshukuru. Nilimwomba radhi. Alinyanyua kiganja, yaani ninyamaze.

"Miye hayo ya jina nshayazoea," alisema. "Hata watu wa miwani, pengine wangenichukua, pengine nisingeweza. Hilo sikudai. Lakini nina mtoto, Idi. Yupo Pemba sasa, mtu mzima, ana watoto wake. Huyu alikuwa na mguu, Bwana Makame. Alikuwa na mguu kuliko wangu. Alipofika miaka kumi na sita walikuja watu kumtaka. Nikakataa. Nilimwambia, mwanangu, sisi damu yetu haina moyo wa mpira. Siku ikifika utatetemeka mbele ya watu kama nilivyotetemeka mimi, na sitaki uishi nayo. Alilia. Nikavitia viatu vyake motoni mwenyewe, ili asiende kucheza akinificha."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia akachukua vikombe ambavyo havijaisha.

Vuai akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akapiga. Ilipoitikiwa akasema, "Idi, baba. Salama. Hapa kuna mgeni wangu, ana maneno na wewe. Msikilize mpaka mwisho." Akanipa simu. "Mwambie wewe," aliniambia. "Mimi hatoniamini."

Nikasalimu, nikataja jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Nikamweleza Idi kama nilivyomweleza baba yake, ila safari hii mikono ilikuwa imeshughulika na simu. Nilimwambia baba yako hakuogopa siku ile, hakutetemeka, mguu wake ulikuwa mzima na moyo wake mzima. Kosa lilikuwa langu na nililijua na nilinyamaza. Upande wa pili nilisikia watoto wanacheza, kisha mlango umefungwa na kelele zimekwisha.

"Umemaliza, mzee?" aliuliza.

"Nimemaliza, mwanangu."

Niliitazama simu nione kama imekatika. Baba yake alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anataka kusikia.

"Kwa hiyo na mimi ningecheza," alisema Idi.

Hakuwa ananiuliza. Nikamrudishia baba yake simu.